Dhuluma Ina Mwandiko

"Si wangekataa tu?"

Aliyeuliza ni mtoto wa mdogo wangu, miaka 11, Jumamosi moja jioni kibarazani kwangu, kitabu cha historia cha shule kikiwa mapajani. Alikuwa anakariri kwa ajili ya mtihani. Wakoloni waliwatoza Waafrika kodi, wakawalazimisha kufanya kazi mashambani. Sentensi ameishika, anaweza kuitaja hata usingizini, lakini haijamwingia. Watu wengi vile, wageni wachache vile, mtu anaambiwa toa, naye anatoa. Si wangekataa tu?

Nilimjibu ovyo. Nilimwambia walikuwa na bunduki. Akasema, "Sawa, mama mkubwa," kwa adabu yake, akarudi kukariri. Nami nikabaki na aibu, maana nimefundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka mingi na nilijua jibu langu limemwacha palepale aliponikuta. Bunduki inaeleza kwa nini mtu anaogopa leo. Haielezi kwa nini mtu mzima, baba wa watoto, anaamka kila siku miaka nenda miaka rudi na kujivika shingoni kibati chenye karatasi ya kumtambulisha, kama mzigo unaosubiri kupakiwa melini.

Swali lile hulipata kila mzazi na kila mwalimu, kwa maneno haya au mengine. Mtoto wa Mombasa ataliuliza juu ya watumwa, wa Nairobi juu ya mashamba ya walowezi, wa Songea juu ya Majimaji, na aliyezaliwa ughaibuni juu ya yale anayoyasikia kuhusu Marekani na Afrika Kusini. Baada ya kukosea mara kadhaa nimefikia uamuzi mmoja: njia iliyo bora ya kulijibu ni hadithi ya kihistoria, yaani masimulizi ya kubuni yaliyosimama juu ya mambo yaliyotokea kweli. Ila kuna namna ya kuichagua na namna ya kuisoma, na humo ndimo ninamotaka tukae kidogo.

Hadithi niliyoanza nayo ilitoka mbali. Ni Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, mwandishi Mmarekani Mweusi, iliyotoka mwaka 1976 na mwaka uliofuata ikapata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini kwao. Mambo yanatokea Mississippi, mwaka 1933. Sikumpa mtoto asome mwenyewe, kwa kuwa Kiingereza chake bado hakijafika huko. Nilisoma mimi usiku, kesho yake nikamsimulia kwa Kiswahili, sura baada ya sura, na ninawasihi wazazi wasiogope kufanya hivyo. Kitabu kikiwa katika lugha isiyompanda mtoto, kinywa chako ndicho daraja.

Siku ya kwanza ya muhula, Little Man, kitoto cha miaka 6 kinachopenda usafi kuliko watu wazima wengi, anasubiri kwa hamu kupewa kitabu chake. Anapewa kilichochakaa, kichafu, kurasa zimechanika. Anaomba kingine, anakaripiwa. Anafungua jalada, na ndani anakuta jedwali lililobandikwa na mamlaka ya elimu: tarehe kitabu kilipotolewa, hali yake, na rangi ya mwanafunzi aliyepewa. Mara 11 kimepewa watoto wa Kizungu, tangu kikiwa kipya, kikizidi kuchakaa. Mara ya 12, hali ikiwa mbaya sana, ndipo kimeandikiwa mtoto Mweusi, naye hakutajwa kwa jina la heshima. Little Man anakibwaga chini na kukikanyaga kwa miguu yote miwili. Anachapwa kwa hilo.

Nilipofika hapo mpwa wangu hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha shule, akafunua jalada na kuutazama mhuri wa shule kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Ile orodha aliiandika nani?"

Hakuuliza kwa nini Wazungu ni wabaya. Hakuuliza kwa nini Weusi wanaonewa. Aliuliza habari ya mwandiko. Nikaona kwamba hapo ndipo mlango ulipo. Ubaguzi wa rangi haukudondoka kutoka mbinguni, wala haukuwa hasira za watu wachache wenye roho mbaya. Kulikuwa na mtu mezani, kalamu mkononi, akichora safu ya tarehe, safu ya hali ya kitabu na safu ya rangi. Akalipwa mshahara wake, akaenda nyumbani kula. Mtoto akiliona hilo, swali la kukataa linabadilika. Linakuwa: wangekataa nini kwanza, karatasi ipi, mbele ya nani, na kesho yake wangekula wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoupa uzito kuliko yote: chagua hadithi inayoonyesha dhuluma ilivyotengenezwa. Hadithi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya watoto huonyesha machozi tu. Zina minyororo, damu na mjeledi, na mtoto anamaliza akiwa na huzuni isiyo na pa kwenda, au na picha kwamba watu wenye ngozi kama yake kazi yao katika historia ilikuwa kupigwa. Tafuta ile ambamo kuna risiti, sheria, deni, ramani, cheti. Tafuta ile ambayo mtoto wa ndani yake ana akili, ana utundu, anakasirika, anakosea, anapanga. Ndugu zake Little Man, waliochoka kurushiwa tope na basi la shule ya Wazungu, wanachimba mtaro barabarani na basi linanasa. Mpwa wangu alicheka mpaka akalala sakafuni. Kicheko kile nacho ni sehemu ya somo, kwa sababu kilimwonyesha watu wakikataa.

Hadithi za Mississippi zikishamshika mtoto, mrudishe nyumbani upesi, asije akadhani ubaguzi ni jambo la Marekani. Mtoto wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali. Kanuni za ujenzi za wakati wa Wajerumani, na baadaye za Waingereza, ziliugawa mji katika kanda 3 kwa aina ya majengo. Karatasi haikuhitaji kutaja ngozi. Ilitaja nyumba: huku za Kizungu, huku za biashara na makazi ya mchanganyiko, huku vibanda vya wenyeji. Matokeo yake watu waliyapa majina waliyoyaona kwa macho: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu wa kutenganisha, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja, ambako watoto wetu leo wanakwenda kwenye sherehe. Kariakoo yenyewe ni ulimi wa Waswahili ukitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopiga kambi pale. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Hospitali ya Ocean Road Wajerumani waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, na jina lake lingali Muhimbili kwenye jengo la wodi. Shule nazo ziligawanywa: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila kundi na bajeti yake, mpaka Januari 1962, mara tu baada ya Uhuru, Tanganyika ilipoziunganisha.

Mchukue mtoto mtembee. Kutoka Posta mpaka Kariakoo kwa miguu ni safari fupi, na njiani mtakuwa mmevuka kanda zote.

Tena kuna maneno, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Kiswahili chetu kimehifadhi mambo ambayo vitabu vya shule vimeyaruka. Mnaposoma pamoja, kila mnapokutana na neno la namna hii simameni. Kuli. Boi. Kipande. Kiboko. Mshenzi. Ustaarabu.

Kiboko, mnyama wa mtoni, akawa jina la fimbo iliyokatwa kwenye ngozi yake. Enzi za Wajerumani hukumu ya viboko 25 ilizoeleka hata ikawa na jina lake mitaani, hamsa ishirini. Leo watoto wetu wanasema "nimekula viboko viwili" bila kujua fimbo hiyo imetoka wapi, na sisi tunaowachapa hatujui pia. Ustaarabu, neno tunalolipenda sana, asili yake ya Kiarabu ni kujifanya au kuwa Mwarabu. Mshenzi lilikuwa jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara. Haina maana kwamba tuyafute maneno haya. Mimi mwenyewe nayatumia. Lakini mtoto wa miaka 12 akijua kwamba katika lugha anayoipenda kuna ngazi, na kwamba kuna watu waliwekwa ngazi ya chini na Waswahili wenzao, atakuwa amejifunza jambo ambalo hadithi za Mississippi peke yake hazitamfundisha.

Boi nililielewa kwa baba yangu mkubwa. Miaka ya 1950 alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu huko Uzunguni. Alikuwa na watoto watatu. Siku moja aliwasimulia wajukuu wake, mpwa wangu akiwemo, kwamba mtoto wa yule bwana, wa miaka 8, alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Boi!" naye anaitika. Mtoto mmoja akamuuliza, "Babu, hakujua jina lako?" Babu akasema alilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha mshahara.

Kipande kimepata nafasi kubwa katika historia ya Kenya, na kwa watoto wakubwa kidogo hakuna kitu kinachoeleza dhuluma ya rangi kwa ufupi kuliko hicho. Sheria ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kibati kinachovaliwa shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuacha, huwezi kwenda kutafuta kazi kwingine. Ukikutwa huna, ni kosa la jinai. Kodi nayo inadaiwa kwa fedha, na fedha inapatikana kwa mlowezi. Hapo mtoto anaiona mashine nzima bila bunduki hata moja kufyatuliwa.

Kisha msimulie Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964. Ngotho analima shamba la Mzungu, Bwana Howlands, na ardhi hiyohiyo ilikuwa ya wazee wake. Wote wawili wanalipenda shamba lile, kila mmoja kwa sababu zake, na wanatembea humo pamoja wakikagua mimea. Lakini mahali nilipowaona watoto wakitulia tuli ni pale ambapo Njoroge, mwana wa Ngotho, anakutana shuleni na Stephen, mwana wa Howlands. Wanazungumza kwa mara ya kwanza, na wanagundua kuwa walipokuwa wadogo walikuwa wakionana barabarani. Stephen alitamani kuongea na watoto wa Kiafrika, akawa anajificha, nao wakiogopa na kupita mbio. Mtoto mmoja wa miaka 13 aliniambia, "Kumbe na yeye walimwibia." Sikumwongezea neno.

Kwa watoto wa miaka 9 au 10, Journey to Jo'burg ya Beverley Naidoo inafaa zaidi. Ni fupi, na safari yake inaeleweka: Naledi na mdogo wake Tiro wanaondoka kijijini kwenda Johannesburg, zaidi ya kilomita 300, kumfuata mama yao anayefanya kazi kwenye nyumba ya Wazungu, maana mtoto mchanga nyumbani ni mgonjwa. Kilichapishwa mwaka 1985 na serikali ya makaburu ikakipiga marufuku mpaka mwaka 1991. Waambie watoto hilo mapema. Watataka kujua ni nini kilichoiogopesha serikali yenye majeshi ndani ya kijitabu cha safari ya watoto wawili, na watakisoma kwa macho makali. Ukiwa Tanzania, waambie pia kwamba vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976 walisomea Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Majengo yapo, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Sasa nije kwenye hadithi zetu wenyewe, ambazo ndizo ngumu.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969, ni hazina kwa kijana wa kuanzia miaka 13. Ndiyo iliyomjibu mpwa wangu swali lake la kibarazani: walikataa. Mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita ya Majimaji ikaenea kusini yote ya nchi. Lakini msomaji mchanga huchukua kila kitu kuwa kweli, na Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra zake. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Wa tamthilia anapewa mashaka, usiku wa kufikiri, na uamuzi mzito wa mwisho: anakataa kutamka kwamba maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo, kwa sababu anajua neno lake litatumiwa kuwaambia wajukuu kwamba babu zao walipigania upuuzi.

Hapa ndipo daftari linapohitajika. Ninawapa watoto daftari la kawaida, wanagawa ukurasa kwa mstari. Upande mmoja yaliyotokea, upande wa pili yaliyobuniwa. Wakimaliza onyesho, tunajaza pamoja, tukiwa na kitabu cha historia pembeni. Kwa Majimaji wataandika kwamba serikali ya Wajerumani yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wetu wanataja kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Wataandika pia, na msilifiche hili, kwamba waliosimamia mashamba ya pamba kwa viboko wengi walikuwa maakida, watu wa pwani, wasema Kiswahili kama sisi. Mtoto aliyezoea daftari hili hatadanganywa kirahisi na filamu wala na mwanasiasa.

Vitabu vingine havifai kusomwa bila kutazama mwaka wake. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilichapishwa mwaka 1934 na kilisomwa shuleni kwa muda mrefu. Mwandishi ni mwana wa mtumwa aliyeokolewa, na Freretown, karibu na Mombasa, ndiyo makazi ya watu huru yanayosimuliwa humo. Kengele ya Freretown ipo mpaka leo, na mtaa unaitwa Kengeleni. Ni kitabu chenye thamani, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli. Lakini humo Mwarabu ni muovu na Mwingereza ni mkombozi, basi. Mtoto akikimaliza muulize jambo moja tu: mwaka 1934, kitabu kinapotoka, wanaume wa Kenya walikuwa wamevaa nini shingoni? Mwache afikiri. Ushauri wangu si kukificha kitabu cha namna hii. Kisome, kisha weka kingine kando yake.

Cha kuweka kando kinaweza kuwa Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Ni ya vijana wa miaka 16 na kuendelea, maana ina mambo ya kiutu uzima. Yusuf, miaka 12, anachukuliwa na tajiri aliyezoea kumhesabu kuwa ndugu wa familia. Anadhani anakwenda kutembea. Huko dukani ndipo anapoambiwa kwamba yule si ndugu yake hata kidogo, yeye ni rehani ya deni la baba yake. Humo kuna Waarabu, Waswahili, Wahindi, watu wa bara na Wajerumani wanaokuja, na hakuna kundi linaloachwa likiwa safi kabisa wala chafu kabisa. Wa rika hilo waendelee na Shafi Adam Shafi: Kuli, inayogusa mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, na Vuta N'kuvute, ambamo Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi, anavuka mipaka ambayo jamii yake na ukoloni vimemchorea.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Shule moja, sitaitaja, iliandaa igizo la biashara ya utumwa kwa ajili ya siku ya wazazi. Watoto weusi zaidi wakafungwa kamba shingoni kuwa watumwa. Watoto weupe kidogo wakavikwa kanzu na majambia. Wazazi tulipiga makofi. Wiki iliyofuata mtoto mmoja mwenye jina la Kiarabu, ambaye bibi yake mzaa mama ni Mnyamwezi, aligoma kwenda shule kwa kuwa wenzake walikuwa wakimwita muuza watu. Na mmoja wa waliofungwa kamba alimwuliza mama yake kama kuna sabuni ya kupunguza weusi. Nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi, na sijalisahau.

Kwa hiyo: msiwaigizishe watoto dhuluma. Msifanye mnada wa watumwa darasani, msiwavike vipande, msiwagawe kwa rangi "ili waone ilivyokuwa." Hawaoni ilivyokuwa. Wanaona nani kati yao amewekwa chini. Kusoma kunatosha, kwa kuwa kurasa zinampa mtoto nafasi ya kuingia moyoni mwa mtu mwingine bila kumdhalilisha aliyekaa dawati la pili. Kama darasani kuna mtoto wa Kihindi, wa Kiarabu au wa Kizungu, usimgeuze msemaji wa mababu. Mwache asome kama wenzake, naye achague wa kumpenda katika hadithi.

Mambo madogo ya utendaji. Kisome kitabu chote wewe kwanza, hata kama umekisoma miaka 20 iliyopita, kwa sababu umesahau matusi yaliyomo na mahali pa kutisha. Neno la tusi la rangi likitokea, lieleze mara moja lilikuwa na kazi gani, kisha usilitamke tena. Soma kwa sauti, usizidi dakika 20. Usiku si wakati mzuri wa sura zenye mauaji. Usimalize kwa maswali ya mtihani, wala usikimbilie kusema "lakini sasa mambo ni mazuri." Mtoto akinyamaza, nyamaza naye. Swali litakuja kesho yake akiosha vyombo. Vitabu vikiwa ghali, na ni ghali kweli, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto, na maktaba za mikoa zipo. Wazazi watano wakichanga wananunua nakala moja na kuizungusha. Mimi hivyo ndivyo ninavyofanya na majirani zangu.

Mtoto wa chini ya miaka 8 usimpe habari za kunyongwa. Kwake yeye inatosha hadithi ya mtoto aliyekatazwa kukaa kwenye benchi, na swali la nani aliandika kibao cha kumkataza.

Akifika miaka 11 au 12, mwombe aandike hadithi yake mwenyewe. Mpe kitu kimoja cha kweli, kibati cha kipande, mche wa pamba uliong'olewa, kitabu cha shule kilichochakaa, na sharti moja: asitie jambo ambalo lisingewezekana wakati ule. Hakuna simu, hakuna shujaa wa kuruka. Sharti hilo litamlazimisha kwenda kuuliza watu, na ndipo historia itakapoanza kumhusu.

Mpwa wangu aliamua kuandika juu ya mpishi wa Uzunguni. Akaenda kwa babu na kalamu. Aliuliza walikuwa wanalala wapi, mshahara ulikuwa shilingi ngapi, jina lake liliandikwaje kwenye kile kitabu, na kama siku yoyote alikataa kuitika. Babu alimwambia kwamba siku moja alikataa. Alisimama jikoni na sahani mkononi, akasubiri mpaka mtoto yule alipomwita kwa jina. Siku ya pili akafukuzwa kazi. Akaahidi kumalizia Jumamosi ijayo namna alivyopata kazi nyingine bandarini.

Jumamosi hiyo hakuwa mzima, na mwezi uliofuata tukamzika. Daftari lina kurasa nne. Msomaji wangu, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyekuwa mtu mzima kabla ya Uhuru, mpeleke mtoto kwake wiki hii, na daftari.